Nyimbo Zisizo na Jina la Mtu

Walisema sitamaliza hata mwaka mmoja Uingereza. Wakasema nitafukuzwa, na nisipofukuzwa nitarudi na sanduku la mitumba. Nilipowajulisha kwamba nasomea kurekodi sauti, kaka wa baba yangu aliwaambia watu wa kwetu Kombewa kwamba nimevuka bahari kujifunza kubonyeza redio. Na niliporudi Kisumu nikatangaza kwamba nitatoa albamu ya panki, muziki wa magitaa yanayokwaruza na ngoma zinazokimbia, walicheka mpaka nikaona magego yao. Hapa ni kwa benga na ohangla, muziki wetu Wajaluo, walisema, hiyo kelele yako itafukuza mbwa.

Basi, diploma ninayo, iko ukutani. Niliilipia kwa kusugua sufuria katika jiko la hoteli, harufu ya mafuta ikilala nami kitandani. Hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyechangia. Na albamu ipo pia. Lakini namna ilivyomalizika inanitia kichefuchefu mpaka leo, na naiandika mwenyewe kwa sababu wengine wameanza kuisimulia ovyo.

Tulikuwa watu watatu. Mimi nilipiga gitaa la besi na kurekodi. Gitaa la mbele na sauti vilikuwa vya jamaa mmoja anayechomelea milango ya vyuma, mwenye koo tamu kiasi kwamba hata akipiga mayowe unasikia wimbo ndani yake. Ngoma alipiga mwanamke aliyekulia katika kwaya ya kanisa huko Kombewa. Maikrofoni na mashine ya kurekodi nilikuja navyo. Vilivyobaki niliazima. Fundi mmoja wa magari alitupa gereji yake ya Nyalenda kila Jumapili mchana. Mama mlezi wa ile kwaya alitupa seti ya ngoma ya kanisa. Mama mwingine, mwenye mkahawa wa samaki ufuoni, alitupa jenereta, maana stima ya Nyalenda huja ikipenda.

Niliwauliza wote watatu wanataka kodi gani. Wote watatu walikataa pesa. Fundi alinipiga begani akasema sisi ni watu wa nyumbani. Nikaona ni ukarimu, nikashukuru, nikaenda zangu. Miaka ya ugenini ilikuwa imenifanya nisahau kitu ambacho mtoto yeyote wa hapa anakijua.

Gereji ile ilikuwa chafu kwa namna ambayo siwezi kuipamba. Sakafu ilikuwa matope ya oili kuukuu, viatu vikinasa kila unapoinua mguu. Nyuma ya ukuta wa mabati wanawake walikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki baada ya minofu kupelekwa kwa wenye friji, na moshi wake uliingia kwenye nyuzi, kwenye nguo, kwenye mate. Panya alikojolea blanketi nililotundika kuzuia mwangwi. Mtu aliacha chupa ya mkojo kwenye kona, nami nikaipiga teke kabla sijajua ni nini.

Lakini muziki ulitoka. Nitasema bila haya: hakuna mtu pwani hii yote ya ziwa aliyewahi kurekodi gitaa namna nilivyolirekodi. Niliweka maikrofoni moja ndani ya pipa tupu la grisi, na gitaa likalia kama bati linalochanwa na mtu anayejua kuimba. Nyimbo zilikuwa fupi, zinaanza na kuisha kabla hujakaa vizuri. Moja ilihusu mgongo wazi. Nyingine ilihusu gugumaji linavyooza bandarini huku wakubwa wakipiga picha mbele yake. Hakuna wimbo uliomtaja mtu. Nilitaka hivyo. Nimechoka na majina. Huku tangi la maji lina jina la mheshimiwa, darasa lina jina lake, hata choo cha soko kimeandikwa nani alikifadhili, kwa herufi kubwa kuliko neno choo.

Tulipomaliza nilibandika mabango mjini. Uzinduzi ungekuwa Jumamosi, pale mkahawani ufuoni. Kaka wa baba yangu alituma salamu kwamba atakuja, aone hiyo redio ikibonyezwa. Siku chache kabla ya uzinduzi niliwaita gerejini wale watatu walioniazima vitu wawe wa kwanza kusikiliza, nikidhani nawapa heshima.

Walisikiliza wameketi juu ya matairi. Wimbo wa mwisho ulipoisha, fundi alisubiri. Akatazama spika kama mtu anayengoja chenji.

"Imeisha?" akauliza.

Nikamwambia imeisha.

"Na mimi niko wapi?"

Nilicheka. Hakucheka. Yule mama wa kwaya alifungua mkoba wake, akaufunga, akasema kwa upole kwamba hata yeye alikuwa anategea sikio. Mama wa mkahawa alisema labda ni hizo Kiswahili za haraka, pengine ametajwa na hakusikia.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu, anayemsaidia mwanamuziki hupatikana ndani ya wimbo. Ngoma ikichezwa, mtu mwenye pesa mkononi anaweza kuusimamisha wimbo katikati, ajisifu yeye na watu wake, kisha magitaa yarudi. Tunaiita pakruok. Kwenye rekodi za wazee wetu mwimbaji hutaja majina hadi pumzi inakatika. Kwa hiyo watu hawa hawakuwa wamenipa bure. Walikuwa wamenunua mahali ndani ya nyimbo, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Nilikataa. Niliwaeleza kwamba huu ni muziki wa kutema mate juu ya mambo kama hayo, na kwamba wimbo mfupi namna ile ukiingiza jina la fundi na la wake zake hakuna wimbo tena. Nilisema pia kwamba inachukiza, mtu mzima kuomba kusifiwa. Labda hilo ningeliacha.

Fundi aliinuka polepole. Mashine yangu, pamoja na nakala zote, ilikuwa ndani ya kabati lake la chuma, kwa kuwa mlango wa chumba nilichopanga ulikuwa umeshavunjwa na wezi. Alifunga kabati, akatia ufunguo mfukoni.

"Bwana Ulaya," akasema, "ukipata jina langu, mimi pia nitapata ufunguo."

Wale mama hawakumzuia. Wa kwaya aliuliza tu kama ngoma zitarudi kanisani kabla ya Jumapili.

Siku zile sikula vizuri. Nilimwona kaka wa baba yangu kila nilipofumba macho, amekaa mbele, anangoja. Niliwaza kuvunja kabati, lakini mchomeleaji wetu alikataa katakata. Kabati lile alilitengeneza yeye. Mpiga ngoma alinikuta nimekaa nje ya gereji nikitukana, akaniomba nimwonyeshe jalada la albamu. Akalisoma kwa sauti: imerekodiwa na fulani, imechanganywa na fulani, imesimamiwa na fulani, mwenye diploma.

"Omera, ndugu yangu, huyu fulani si wewe?"

Nikamwambia hizo ni kazi, si sifa. Bado nasema hivyo.

"Sawa. Na wao walifanya kazi gani?"

Niliinuka, nikaenda kwa fundi. Tulibishana kando ya lori lililoinuliwa kwa jeki, yeye akiwa chini yake, mimi nikiongea na miguu. Mapatano yalikuwa haya: nyimbo zangu zisiguswe. Jumamosi tupige wimbo mmoja zaidi, kila aliyeniazima kitu ausimamishe na aseme lake, mimi nirekodi, na uwekwe mwisho wa albamu. Mashine angeniachia siku hiyo, lakini nakala zingebaki kabatini mpaka baada ya wimbo. Alitoka chini ya lori uso umejaa grisi, akanipa mkono uleule wenye grisi, na ilibidi niushike.

Jumamosi ufuo ulinuka matumbo ya samaki yaliyooza juani, na nzi walikaa kwenye maikrofoni. Watu walijaa. Tulipiga nyimbo zetu zote, na nikaona vichwa vikitikisika, cha kaka wa baba yangu kikiwemo, ingawa baadaye alidai alikuwa anafukuza nzi. Kisha tukaanza ule mwingine.

Mama wa mkahawa aliinua mkono kwanza. Tukanyamaza. Akasema yeye ndiye mwenye samaki waliomfanya mheshimiwa asahau mkutano. Watu wakaangua kicheko, magitaa yakarudi. Mama wa kwaya akasema kanisani kwake hata Shetani huimba sauti ya nne, na akikosea anarudishwa mazoezini. Fundi alikuja wa mwisho, amevaa suti, akasema, "Mimi ndiye ninayeamsha gari lililokwisha zikwa. Muulize Bwana Ulaya, hata yeye nimemwamsha." Wakamshangilia kuliko walivyotushangilia sisi. Nilisimama pale na besi yangu, na diploma yangu, na mdomo wenye uchungu, nikitazama taa za mashine kuhakikisha sauti yake haipasuki. Haikupasuka. Niliirekodi vizuri sana.

Wimbo huo ndio watu wanaoupiga mpaka mji wa Sondu na Kisumu nzima. Zile nyimbo zangu wanaziruka. Inanichukiza.

Jumamosi ile, kabla jua halijatua, nilipangusa jenereta, nikalibeba mpaka nyuma ya mkahawa. Nilipakia ngoma kwenye pikapu ya kanisa, na ile iliyochanika ngozi nilikuwa nimeshaiwekea mpya. Mama wa kwaya aliigonga kwa kidole, akaridhika. Fundi alinipa ufunguo nikatoe nakala zangu, nikaenda gerejini nikazitoa, nikarudi ufuoni nikamrudishia ufunguo wake mkononi mbele ya watu. Nikamuuliza kwa sauti kama kuna kitu chake chochote kimebaki kwangu. Akasema hakuna. Nikawauliza na wale mama. Hakuna. Kaka wa baba yangu alikuwa amesimama karibu, akasikia kwamba sidaiwi na yeyote.