Arlys Terpstra, fundi wa magari madogo ya dizeli katika mji usioyaamini

Ni saa moja asubuhi. Ukungu bado umelalia mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na Arlys Terpstra yuko chini ya pikapu ndogo ya kijivu. Anafungua filta ya dizeli, anakinga mafuta kwa chupa ya kioo iliyokuwa ya achari ya matango, anatoka na kuinyanyua mbele ya dirisha. Kisha anaipeleka puani.

Ananusa. Anatulia. Ananusa tena.

“Hii safi,” anasema, kwa sauti ya mtu aliyetarajia vingine. “Hata hivyo kesho nitainusa tena.”

Arlys, mwenye umri wa miaka 61, ana gereji yake Vreeburg, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Iowa. Mafundi wa matrekta na malori wamejaa tele huku. Wa magari madogo ya dizeli, katika wilaya nzima, ni yeye peke yake. Mwaka mzuri humwachia kama dola elfu arobaini, “na miaka mizuri haifuatani,” anasema.

Si kwamba watu wa huku hawaijui dizeli. Wanalima kwa dizeli, wanavuna kwa dizeli na nguruwe wao wanakwenda sokoni kwa dizeli. Lakini ukimshauri mkulima huyo huyo anunue gari dogo la dizeli, atakutazama kana kwamba umemwomba akudhamini mahakamani.

“Trekta ni trekta,” anasema Gaylen Hoekstra, mkulima wa miaka 74 ambaye ndiye mwenye pikapu hiyo ya kijivu. “Gari dogo la dizeli ni kama kuoa mtu usiyejua kwao.”

Gaylen ana sababu zake. Mwanzoni mwa miaka ya themanini baba yake alinunua gari la dizeli, tena lililoundwa humu humu nchini. “Injini ilipasuka tukiwa njiani kwenda kumzika bibi. Tulifika makaburini tumepanda lori la nguruwe, na suti zetu. Mama hakuisahau dizeli ile hadi anaingia kaburini yeye mwenyewe.”

Karibu kila ukoo wa hapa una kisa cha namna hiyo. Magari ya wakati ule yalitoka haraka kiwandani, yakawavunja watu mioyo, na wajukuu wamerithi kinyongo bila kuliona gari lenyewe.

Arlys huongeza mengine huku akifuta mikono. Dizeli huuzwa ghali kuliko petroli, na petroli yenyewe hapa ni rahisi, kwa hiyo anayetaka kubana matumizi haoni haraka anachookoa. Sheria za moshi ni kali, na vyombo vya kuusafisha hulifanya gari dogo la dizeli liwe na bei ya gari kubwa. Halafu ikaja ile kampuni ya ng’ambo iliyokamatwa ikidanganya vipimo vya moshi.

“Hapo wakasema, si tulisema? Na mimi ningewajibu nini? Kweli walidanganya.”

Hata hivyo, kidogo kidogo, alikuwa amewashawishi watu watatu. Gaylen alikuwa mmoja. Wa pili alikuwa Joleen Kruse, mwalimu wa shule ya msingi anayesafiri mbali kila siku. Wa tatu alikuwa mchungaji wa kanisa la pale pale mjini.

Mwezi Aprili mwaka huu, magari yote matatu yalikufa ndani ya juma moja.

La mchungaji lilizimika mbele ya kanisa, waumini wakitazama. La Joleen lilimwacha barabarani kwenye mvua ya mawe. La Gaylen lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Yote yaliburutwa hadi kwa Arlys, na ndani ya pampu zinazosukuma mafuta kwenye injini alikuta vumbi la chuma linalometa. Pampu hizo hulainishwa na dizeli yenyewe. Zikikosa ulaini huo, chuma kinasaga chuma.

Kuzirekebisha kungegharimu dola elfu saba kwa kila gari. Lakini Arlys anasema si bei iliyomkosesha usingizi. Ni swali la Joleen.

“Arlys, naomba usinielewe vibaya,” mwalimu huyo alimwambia, amesimama mlangoni bila kuingia. “Haya magari yote matatu yalipita kwako mwezi uliopita. Kwako tu.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo watu wanasema.”

“Watu wanasema, au wewe unasema?”

Kufikia Ijumaa ya juma lililofuata, wateja wawili wa magari ya petroli, watu ambao Arlys amewatengenezea magari tangu enzi za wazazi wao, walikuja kuchukua magari yao kabla hayajakamilika. Mmoja alidai ana safari. “Safari gani?” anauliza Arlys hadi leo. “Yule hajawahi kuvuka mto.”

Arlys alikuwa na shaka yake. Chupa tatu za mafuta, moja kutoka kila gari, zilikuwa na harufu ya petroli. Matrekta ya wilaya nzima hayakuwa na tatizo, lakini matrekta hunywa dizeli nyekundu ya shambani, isiyotozwa kodi ya barabara, inayopelekwa majumbani kwa lori. Magari madogo hujaza mjini. Na mjini pampu ya dizeli ni moja, nyuma ya kituo cha Delmar Terpstra.

Delmar ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, Wendell.

“Nilimwambia Wendell jikoni,” anakumbuka. “Nikamwambia, ndugu yako anachanganya mafuta. Akaweka uma chini. Akaniuliza, una uhakika? Nikasema pua yangu ina uhakika. Akasema, Arlys, yule ni damu yangu, usiende kwake na pua.”

Alikwenda na pua.

Asubuhi hiyo wanaume walikuwa kwenye meza yao ya kila siku ndani ya kituo, wakirusha dadu kuamua nani alipie kahawa. Gaylen alikuwapo, na hadithi hii aliisimulia yeye kwa furaha isiyofichika.

“Shemeji,” Arlys alisema, “dizeli yako inanuka petroli.”

“Na mikono yako inanuka nini?” akajibu Delmar. “Waridi?”

Meza ikaangua kicheko.

“Cheka tu. Nijazie chupa hii pale nyuma, mbele ya hawa.”

“Pampu mbovu.”

“Tangu lini?”

“Tangu asubuhi hii.”

Ndipo Gaylen, ambaye alikuwa ameingia pale kumsengenya fundi wake, aliposhusha kikombe. “Asubuhi ipi, Delmar? Mimi nimeuona ule mfuko wa manjano wa kuzuia watu wasijaze umevishwa mpini wa pampu tangu juzi. Nikadhani umeishiwa.”

Hakuna aliyerusha dadu tena. Delmar alisema Gaylen anazeeka. Gaylen alisema ni kweli, lakini macho yake hayajazeeka.

Arlys alirudi gerejini akawapigia simu wakaguzi wa mafuta wa jimbo. Wendell alikuwa amesimama kando yake, mkono mmoja juu ya meza ya kazi. Hakumzuia. Wala hakumwambia apige.

Wakaguzi walifungua tangi la Delmar na kukuta dizeli iliyochanganyika na petroli nyingi. Ilibainika kwamba dereva wa lori la mafuta alikuwa ameingiza bomba katika tundu lisilo lake, akamimina petroli juu ya dizeli. Kosa la mkono mmoja na kifuniko kimoja. Bima ya mwenye lori ikalipia magari yote matatu.

Basi Delmar hakuwa mwizi wa mafuta. Hilo Arlys alikuwa amelikosea, na anasema alimwendea akamwomba radhi, kavu kavu, mlangoni.

“Nilimwambia, nilikudhania mabaya kuliko ulivyotenda. Akasema, asante kwa nusu ya radhi. Nikamwambia, nusu nyingine utaipata ukiniambia ule mfuko uliuvisha siku gani.”

Hajamwambia. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, Delmar alisema alijua pamoja na kila mtu, siku wakaguzi walipofika, na kwamba mfuko ule aliuvisha kwa sababu mpini ulikuwa unavuja. Kisha akauliza kama mwandishi anataka kahawa au anataka ugomvi.

“Gari la mchungaji lilijazwa Jumanne,” anasema Arlys. “La Joleen, Alhamisi. Kama aligundua Jumatano akanyamaza, basi kufa kwa gari la Joleen ni kosa lake. Kama hakugundua, mimi ni shemeji mbaya. Nimelala na mambo hayo mawili kitanda kimoja tangu Aprili.”

Chakula cha Jumapili, ambacho Wendell na Delmar walikula pamoja miaka yote tangu mama yao afariki, hakiliwi tena pamoja. Wendell hula akitazama nje ya dirisha. “Halaumu,” anasema mkewe. “Ningependa alaumu.”

Jina la Arlys lilisafishwa. Gazeti la mji liliandika, mchungaji akatangaza kanisani, na yule mteja wa safari akarudi na keki ya tufaha. Lakini magari ya dizeli hayakusafishika. Mchungaji aliuza lake mwezi Mei. Joleen alibadilisha lake akachukua la petroli, hata baada ya pampu mpya kufungwa.

“Najua halikuwa kosa la gari,” anasema Joleen, kwa haya kidogo. “Lakini kila asubuhi nilikuwa nawasha huku nasikiliza. La petroli nawasha naondoka.”

Arlys hamlaumu. “Gari la petroli likifa, watu husema gari limekufa. La dizeli likifa, husema si tulisema. Hata kama kilicholiua ni petroli.”

Amebaki Gaylen. Anasema amebaki kwa ubishi tu, kwa sababu kuliuza sasa ni kumpa Delmar ushindi, na isitoshe gari linakwenda mbali kwa tangi moja kuliko chochote alichowahi kuendesha. Leo amelileta kwa huduma ya kawaida, na amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimchunga Arlys kila anaposhika spana.

“Unaniangalia nini?” Arlys anamuuliza.

“Naangalia. Gari langu.”

“Huniamini?”

“Nakuamini. Ndiyo maana nimekaa karibu.”

Nyuma ya gereji kuna sakafu mpya ya zege, imezungushiwa kamba. Hapo Arlys anataka kusimika tangi dogo la dizeli ya barabarani, lake mwenyewe, ili mwenye gari dogo asilazimike kwenda kujaza nyuma ya kituo cha mtu. Baraza la mji bado halijampa kibali. Mmoja wa wajumbe wake hunywa kahawa kwenye meza ile ile ya dadu, na Arlys amekwisha kuhesabu, kimoyomoyo, kura za meza hiyo.

Zege lilimwagwa na Wendell. Alilimwaga siku moja bila kuombwa, akalisawazisha, akanawa mikono, akaenda kulisha ng’ombe. Hawajalizungumzia.

Arlys anatumaini kwamba kufikia majira ya kupanda tangi litakuwa limesimama, na kwamba atapata watu watatu wengine wenye moyo wa kujaribu. Kifuniko chake, anasema, kitakuwa na kufuli, na kufuli hilo litakuwa na funguo mbili.

Ufunguo wa pili atampa nani? Wendell?

Anageuka kutazama uani, ambako mumewe anashusha magunia ya chakula cha mifugo, mgongo wake ukiwa upande wa gereji.

“Wendell ni mtu mwema,” anasema taratibu. “Lakini ni Terpstra.” Anavua glavu, kidole kimoja kimoja. “Atapata. Ila si mwaka wa kwanza.”