Wakarima wa Nne

Mwaka ule mvua ndefu zilikataa kwisha. Kimilili nzima ilinuka udongo mbichi na moshi wa kuni zisizokauka, na watoto wa shule ya misheni ya kanisa la Marafiki walivushwa mtoni mabegani mwa watu wazima, kwa kuwa daraja la magogo lilikuwa limekwenda na maji. Simeon Nalianya alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinabisha hodi. Mashamba hayakulimika, hivyo mwalimu wa useremala aliwaweka wavulana karakanani kutwa, na hapo Nalianya akajifunza jambo lililomshangaza kuliko hesabu na kuliko Zaburi: kwamba ubao uliolowekwa katika maji ya moto hupinda bila kulia, na ukikauka husahau kuwa uliwahi kunyooka. Ubao wa kwanza aliupinda ukawa mgongo wa kiti. Wa pili hakuutengenezea chochote. Aliupinda, akauangalia, akaupinda tena mpaka giza likaingia. Mwalimu, mtu mpole aliyevaa tai hata akishika randa, alimwambia, "Simeoni, mti unaokutii sana uuogope kidogo." Wavulana walicheka, na Nalianya akacheka nao.

Nairobi ilimpokea kama inavyowapokea mafundi wengi watokao magharibi. Alianzia Kibera, upande wa Sarang'ombe, na huko akaoa, akamzaa binti yake Mourine. Baadaye alipata banda la useremala kando ya barabara huko Gatina, Kawangware, akahamia chumba cha chini katika ploti ya kupangisha ya mama mmoja mzaliwa wa pale, Wakarima, mjane mwenye sauti ya kuamuru na mkono wa kutoa. Mke wa Nalianya alipofariki, ni Wakarima aliyemwosha na kumvalisha, akakaa na maiti hadi gari lilipofika. Deni la namna hiyo halina risiti.

Ilikuwa baada ya msiba huo ndipo Nalianya, akipita soko la Toi kutafuta koti, alipokuta sanduku bapa kati ya midoli isiyo na vichwa na viatu vya kutelezea barafuni. Juu yake palichorwa meli ya matanga. Ndani mlikuwa na vipande vya mti vyembamba kama mbavu za samaki, vibao laini, uzi, milingoti ya ukubwa wa kalamu, na karatasi ya maelezo katika lugha asiyoijua. Michoro aliijua. Mchoro wa seremala hauhitaji mkalimani.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, wenzake walipocheza drafti ya vifuniko vya soda nje ya duka, yeye alifungua banda na kuunda meli. Aliweka mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, akasimamisha mataruma, mbavu za chombo, juu yake, kisha akaloweka vibao katika birika la chai na kuvifunga ubavuni kwa gundi na vibanio vya kuanikia nguo. Alijua kwamba kibao kimoja hutiwa kulia, kinachofuata kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho, maana anayemaliza upande mmoja kwanza huuona mkuku ukijinyonga. Kazi ilikuwa ya polepole, na polepole ndiyo aliyoitaka.

Nyuma ya meli, pale mabaharia wanapopaita tezi, palikuwa na kibao kitupu cha jina. Meli ya kwanza Nalianya aliiandika Murunga, jina la mdogo wake aliyekuwa mwashi. Murunga alifurahi, akaipiga picha kwa simu na kuwatumia jamaa zote za Kimilili. Kamba ya mwisho ilifungwa Jumapili. Kabla ya juma kwisha, jukwaa la miti lilikatika katika jengo alimokuwa akipiga plasta, naye akaanguka nalo, akafa. Meli ya pili iliombwa na Omolo, mlinzi wa mabanda. "Niandike na mimi, mzee," alisema akicheka, "nisafiri bila pasipoti." Homa ilimchukua kabla vumbi halijatua juu ya milingoti.

Aliyeyaunganisha hayo alikuwa Nyongesa, fundi wa banda la jirani. Alikuja siku moja, akaketi juu ya kitanda kisicho na godoro, akaiangalia meli ya Omolo bila kuigusa.

"Bakoki," alisema, maana ndivyo wanavyoitana waliotahiriwa msimu mmoja, "hilo jina lako ulipewaje?"

"Unajua nilivyopewa."

"Sema."

"Nililia."

"Ulilia mpaka nyumba ikakosa usingizi. Wakakuitia wazee waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na wewe ni kulia tu. Walipomtaja Nalianya, aliyezikwa tangu mwaka wa nzige, ukanyamaza ukatafuta titi. Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Basi kwetu jina hutoka kaburini likapewa mwili. Wewe umelitoa kwa mtu anayepumua ukaupa ubao. Sasa yule mtu abaki na nini?"

"Meli si mtoto, Nyongesa."

"Ina mbavu. Ina mgongo. Umeikanda kwa maji ya moto kama mkunga, halafu ukaiita." Nyongesa aliinuka, akajipangusa vumbi la msasa. "Na imeitika, bakoki."

Nalianya alikuwa mtu wa kanisa, na mambo hayo hakuyakubali kwa mdomo. Lakini meli zilizofuata aliziacha bila majina, na vibao vyao vitupu akavigeuzia ukutani.

Ndipo Wakarima alipomwita. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imefunikwa shuka, macho yake yameshaingiwa na ukungu, hata watu aliwatambua kwa hatua zao.

"Wewe fundi, ingia. Usisimame mlangoni kama mtu wa bili ya stima." Alielekeza kidole chini ya kitanda. "Vuta hilo sanduku. Ni la Muiruri."

Muiruri alikuwa kitinda mimba wake, aliyefariki kwa ugonjwa wa kifua kabla ya kuoa. Nalianya alifungua sanduku. Ilikuwa meli, imefika nusu. Kumbe kijana naye, katika ugonjwa wake, alikuwa akiunda.

"Sikiliza," Wakarima alisema. "Kwetu kila mtoto wa kiume hunizaa mimi tena. Binti yake wa kwanza ni Wakarima, hakuna mjadala. Nina Wakarima wa Ndegwa, nina Wakarima wa Nderitu, nina yule mtundu wa Gitahi. Muiruri alikwenda bila kunizaa. Hii tu ndiyo aliyoacha. Imalize, uiandike Wakarima. Atakuwa wa nne."

Nalianya akamweleza yote: Murunga, Omolo, na maneno ya Nyongesa. Mama yule alicheka hadi akakohoa.

"Watoto watatu wanaitwa mimi, na bado nakula githeri! Jina ni moto wa jirani, fundi. Ukija kuwasha wako kwangu, wangu unazimika?"

"Kwetu moto huo huazimwa kwa waliolala, Mama."

"Basi kwenu kuna baridi," alisema Wakarima. "Beba mtoto uende."

Akambeba. Pale bandani, mchana, aliona alichofanya Muiruri. Kijana hakuwa na wa kumfundisha: alikuwa amevitia vibao vya upande wa kushoto vyote, kimoja baada ya kingine, na wa kulia hakuwa ametia hata kimoja. Mkuku ulikuwa umejinyonga. Ukiiweka mezani, meli iliinama upande, kama mtu anayesikiliza kitu chini ya sakafu. Fundi yeyote angevibandua vibao vile na kuanza upya. Lakini vilikuwa mikono ya Muiruri, na mamaye alivitaka hivyo hivyo. Nalianya aliamua kuufuata upotofu, akaunda upande wa kulia uufuate wa kushoto katika kuinama kwake.

Alipotia kibao cha kwanza, habari zilifika kuwa miguu ya Wakarima imevimba. Hospitalini walisema ni moyo, wakampa vidonge wakamrudisha. Ubavu ulipofika katikati, hamu ya chakula ikamtoka. Siku aliyofunga ubavu wote na meli ikawa chombo kisichoonyesha ndani, Wakarima alishindwa kuinuka kwenda kanisani, jambo ambalo ploti nzima haikuwahi kuliona. Nalianya alijiambia kuwa mama wa umri ule huugua, meli iwepo isiwepo. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi aliamini kidogo kuliko jana.

Basi akaanza kuchelewesha. Mlingoti mmoja aliuchonga hadi ukawa mwembamba mno, akautupa, akachonga mwingine. Kamba alizozifunga asubuhi alizifungua jioni. Siku nyingine aliloweka kitambaa katika maji ya moto, akakilaza juu ya kibao alichokitia mwenyewe mpaka gundi ikalegea, akakibandua, kisha akakitia tena. Nyongesa alimwona akifanya hivyo, akapita bila kumsalimu.

Ciru, mjukuu wa Wakarima aliyekuwa akimtunza, alikuja bandani na hasira zake.

"Fundi, niaje. Cucu anauliza meli imefika wapi. Na usiniambie kesho, hiyo kesho yako imechoka."

"Bado matanga, Ciru."

"Matanga yalikuwa bado wiki jana. Unajua anasema nini? Anasema haendi popote kabla hajamshika mtoto wa Muiruri. Hali, halali, anangoja tu. Si umwonee huruma, buda?"

Nalianya aliweka patasi chini. Msichana alikusudia kumharakisha, na hakujua alichokisema. Haendi popote kabla hajamshika.

"Na akimshika?" aliuliza.

"Atapumzika, si ndio?" Ciru alijibu, akaondoka.

Alipomtembelea jioni hiyo, Wakarima alikuwa amepungua hata shuka ilionekana kumlemea. Alizitambua hatua zake kabla hajasema lolote.

"Nalianya," alisema, na hakuwahi kumwita kwa jina, siku zote alikuwa fundi. "Mbona unaninyima mtoto?"

Kurefusha kazi kulikuwa kumtesa mama yule. Kuimaliza kulikuwa kumwandikia safari. Alishika vidole vyake, vilikuwa baridi kama vyuma vya asubuhi, akamwambia angepata meli yake Jumamosi.

Ijumaa Nalianya alifunga matanga. Kisha akachanganya rangi nyeupe, akachagua brashi yake nyembamba kuliko zote, akakivuta karibu kibao cha tezi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Nyongesa, aliyekuja kuazima jiriwa la kubania mbao, aliinama kusoma, na jiriwa likambaki mkononi.

"Bakoki. Umeandika nini hapa?"

"Unajua kusoma."

"Hilo jina limeshavaliwa. Limevaliwa na mtu aliyesimama mbele yangu."

"Ndiyo."

"Futa! Leta tapentaini, nifute mimi."

"Imekauka," Nalianya alisema.

"Rangi ya saa hizi imekauka wapi? Na yule mama je? Aliomba jina lake. Utamwambiaje?"

Hilo hasa ndilo lililokuwa likimtafuna. Marafiki, watu wa kanisa lake, hawaapi, hata mahakamani, kwa kuwa ndiyo yao huwa ndiyo na siyo yao huwa siyo. Nalianya alikuwa amelelewa katika neno hilo tangu karakana ya misheni. Alilichukua jiriwa mkononi mwa Nyongesa, akalitia mafuta, akamrudishia, akamwambia asilirudishe kwa haraka.

Jumamosi asubuhi aliibeba meli kwa mikono miwili kupitia uani, na wapangaji wakampisha njia kama wanavyompisha mtu abebaye chungu cha moto. Wakarima aliegemezwa mito. Akawekewa meli mapajani, ikainamia upande wake. Aliipapasa kuanzia mbele, kwenye omo. Alipofika upande wa kushoto alisita, vidole vikarudi nyuma, vikarudi tena.

"Hapa ni Muiruri," alisema.

"Ndiye, Mama."

"Na hapa ni wewe. Umeinama naye." Alifika nyuma, kwenye kibao. Rangi ilikuwa nyembamba, haikusimama chini ya kidole. Akayainua macho yake ya ukungu. "Nisomee."

Nalianya alikiangalia kibao. Herufi zake mwenyewe zilimtazama, nyeupe, zimesimama wima.

"Wakarima," alisoma.

"Tena."

"Wakarima."

Mama yule aliikumbatia meli, milingoti ikamgusa shingo, akafumba macho. Baada ya muda aliitisha uji.

Yaliyofuata yalisimuliwa na Ciru, aliyekuwa akifua uani. Nalianya alitoka chumbani amevaa koti. Alisema anakwenda kwa binti yake Mourine, Sarang'ombe, na kwamba angekwenda kwa miguu. Aliomba maji, akayanywa akiwa amesimama, akaosha kikombe na kukiinamisha juu ya jiwe kikauke. Akafungua lango, akalirudishia nyuma yake, akashika njia ya kuelekea barabara ya Ngong.