Msimu Niliofungua Miche ya Mama

Harufu ya maziwa yaliyochacha hunirudisha nyumbani upesi kuliko picha yoyote. Mwaka huo Mama aliosha pakiti za maziwa, akazikata vipande vyembamba kama utepe na kuzianika kwenye waya nyuma ya jikoni, na hata azioshe vipi, harufu ilibaki. Tuliishi kwenye mteremko nje ya Karatina, katikati ya mibuni iliyozeeka, na Mama alikuwa ameamua kujifunza kubebesha miche ya avokado. Unakata kichwa cha mche wa kienyeji, unapasua shina, unachomeka kijiti cha mti wa aina bora, kisha unafunga kidonda kwa utepe huo wa pakiti na kungoja majuma kama manne bila kukigusa. Hakuna mwanamke mwingine kijijini aliyekuwa amejaribu. Nasema hivi kwa fahari, kwa sababu ukakamavu nilio nao sikuuokota njiani.

Jirani yetu, Baba Muthoni, alipita kila asubuhi akipeleka maziwa.

"Mama Wanjiru, ati siku hizi unaozesha miti?"

"Naozesha."

"Na mahari analipa nani?"

"Wewe. Si uko na ng'ombe?"

Alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimemsikia Baba, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya ngano kule Timau na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Miche isiposhika, alisema, Mama atamfuata Timau akachume maua, nami nibaki na Cucu, nyanya yangu. Hakusema kwa ubaya. Kahawa ilikuwa imetuangusha. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka shuleni niliingia chini ya migomba ilipokuwa miche, nikafungua utepe wa mmoja nione kama kidonda kimeunga, kisha nikaufunga tena. Kesho yake nilifungua mwingine. Nilitaka tu kujua kama Mama angebaki.

Vijiti vikaanza kukauka, kimoja baada ya kingine. Alasiri moja Mama aliketi juu ya debe lililopinduliwa, akautazama mkono wake wa kulia kwa muda mrefu.

"Mkono wangu haufai kazi hii," alimwambia Cucu. "Wacha tu niende Timau."

Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa ameniona. Lakini sikuweza kuvumilia alivyoutazama ule mkono.

"Mama, ni mimi nimekuwa nikifungua. Nilikuwa naangalia kama utaenda."

Nilingoja kofi. Badala yake alinivuta karibu, akanusa vidole vyangu. Vilinuka maziwa.

"Kwa hivyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako."

Akacheka polepole, akafuta kisu kwenye leso yake. "Njoo ushike hapa, tunarudia. Na ukitaka kujua kama nitaenda, uniulize mimi. Usiulize mti."

"Utaenda?"

"Sijui, Wanjiru. Lakini siku nitakayojua, wewe ndiye utaambiwa kwanza."

Miche ya mara ya pili ilishika, si yote, lakini ya kutosha. Mama hakwenda Timau.

Leo nina diploma ya kilimo cha matunda niliyoisomea ng'ambo huku nikiosha vyombo vya watu, na hakuna mtu aliyenichangia. Nimerudi, nimefungua kitalu Kutus chenye vivuli vya neti na mabomba ya kudondosha maji, na wanunuzi hutoka hata Wang'uru kunitafuta. Nikiutazama mche, nakuambia kama utashika, na sikosei. Lakini visa yangu ya ng'ambo bado haijaisha muda, na tajiri wangu wa zamani, aliyeniajiri huko, hunipigia simu mara kwa mara akitaka nirudi kazini. Binti yangu, mwenye miaka minane, huniuliza kama nitarudi huko. Mimi humjibu haraka kwamba siendi popote. Hunitazama kidogo, kisha hurudi kwenye kitabu chake. Pamoja na diploma yangu yote, bado sijaweza lile aliloliweza Mama: kumwambia mtoto kwamba sijui.