Aliyenifundisha Kuelea

Hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu na sijanywa chochote isipokuwa chai. Dada yangu aliyeolewa Bungoma hataki nilisimulie. Ati watu watasema nimerogwa. Waseme. Mimi nashukuru, na mtu mwenye shukrani kama zangu hawezi kunyamaza.

Nauza dawa za mifugo katika duka dogo hapa Matisi, Kitale. Kwa miaka mitano niliomba nafasi ya kujitolea Shelisheli, kulinda kasa, wale kobe wakubwa wa baharini, wanapopanda ufuoni kutaga mayai. Mara mbili nilikataliwa. Mara ya tatu barua ikaja kwamba nimekubaliwa. Nilipiga kelele dukani hadi mteja akaangusha chupa ya dawa ya kupe. Pasipoti nilikuwa nayo, chanjo ya homa ya manjano nikadungwa, tochi ya kufunga kichwani nikanunua. Lakini chini kabisa ya barua kulikuwa na sharti: siku ya kwanza niogelee mita hamsini bila kusimama, kisha nielee dakika tano. Nikishindwa, narudishwa nyumbani.

Sasa niambie, mtoto wa wakulima wa mahindi, aliyelelewa na baridi ya Kitale, angejifunzia wapi kuogelea? Nilijaribu bwawa la hoteli moja mjini. Watoto wa darasa la pili walinipita wakicheka, mimi nimeng'ang'ania ukingo kama paka. Sikurudi.

Nje ya mji kuna shamba lenye bwawa kubwa la kunyweshea ng'ombe. Nilienda huko asubuhi na mapema, jua likichomoza, ili nisionekane na wateja wangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Nikaingia mpaka magotini, nikasimama hapo nikitetemeka.

"Si uingie tu, bana," sauti ikasema.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, maji yakimfika mabegani, kitambaa cha manjano kichwani. Niamini, sikushtuka. Nilidhani ni mfanyakazi wa shamba anayeoga.

"Naogopa," nikamwambia.

"Unaogopa kwa sababu unapigana na maji. Lala, dada. Mimi nitakushika."

Nikalala. Mikono yake miwili ikaja chini ya mgongo wangu, baridi kama chuma kilicholala nje. Akaniambia nitazame juu na nipumue polepole. Sijui ni lini aliiondoa ile mikono. Nilijikuta tu naelea.

Tulikutana hivyo asubuhi tisa. Aliniambia anaitwa Nekesa. Nilimweleza safari yangu, na kila siku akaniuliza habari za kasa.

"Na ni kweli wanarudi kutaga pale walipozaliwa?"

"Wanarudi, hata kutoka mbali sana."

Hapo aligeuka akatazama upande jua linakotua.

Kulikuwa na mambo, lakini niliamua kutoyaona. Akisogea, maji hayakutikisika. Kitambaa chake hakikulowa hata siku moja. Sikuwahi kumwona akiingia wala akitoka, kila mara alisema, "Tangulia dada, mimi bado niko." Wewe ungeuliza? Mtu anakupa kile ulichokitamani miaka mitano, utaanza kumhoji kuhusu kitambaa?

Siku ya tisa nilivuka bwawa lote, nikageuka, nikarudi bila kusimama. Nililia kwa furaha. Nikamwambia aniambie zawadi anayotaka. Akakataa, akauliza kama nina safari ya Bungoma. Ilikuwepo, ya kumuaga dada yangu.

"Basi pitia Malakisi kwa mama yangu. Ulizia Mama Nekesa, anauza mboga karibu na soko. Mwambie sisikii baridi tena."

Nilimpata bila shida, mama mwembamba ameketi mlangoni pake akichambua kunde. Nikasalimia, nikasema nimeleta salamu za Nekesa kutoka Kitale, na kwamba anasema hasikii baridi tena. Aliendelea kuchambua, lakini vidole vyake vilikuwa vinachuma hewa.

"Nekesa wangu tulimzika," akasema. "Huu ni mwaka wa nane. Alienda huko Kitale kupalilia mahindi. Mtoto wa mwenzake akatumbukia kwenye bwawa, yeye akaruka kumfuata. Mtoto alitolewa mzima. Na hakuwa anajua kuogelea, huyo msichana wangu. Hata mto wa hapa nilikuwa namvusha nikimshika mkono."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Ningesema nini zaidi ya ukweli?

"Mama, sasa anajua. Ndiye amenifundisha."

Hakulia. Alitandika mkeka, akaniambia nilale, nimwonyeshe mikono ya Nekesa ilikaa wapi. Nikamwonyesha. Akaingiza yake pale pale, chini ya mgongo wangu, akaiacha muda mrefu huku amefumba macho. "Asante," akasema. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Niliporudi Kitale nilienda bwawani tena. Hapakuwa na mtu, ila mlinzi wa shamba alinijia. "Mama, zile siku zote nilikuwa nakuona ukiogelea peke yako ukiongea," akasema. "Nikaogopa kukuita."

Kule Shelisheli nilifaulu, nikakaa na kasa miezi mitatu. Mpaka leo kuna sehemu mbili mgongoni mwangu ambazo hazipati joto hata nikiota moto wa jiko. Daktari ameangalia, hakuona kitu. Sinung'uniki. Kila Desemba nalala kwa Mama Nekesa, na ananiita binti yake.

Lakini wewe unayenisikia, usiende kujaribu bahati yako kwenye bwawa lolote. Mimi nilishikwa kwa huruma tu. Si kila anayengoja majini ana moyo wa Nekesa. Mfundishe mtoto wako kuogelea angali mdogo, mchana, watu wakimwona. Na ukitumwa salamu kwa mama wa mtu, usikae nazo. Mimi nilikaa nazo siku nne nikipanga mizigo. Baadaye Mama Nekesa aliniambia kwamba siku hizo zote nne aliota mtu amesimama mlangoni pake, nguo zikichuruzika maji, na hapigi hodi.