Kikwembe cha Honorable kwenye Mkutano wa Redio

Sitaficha, kwa sababu hata nikificha mtaa mzima uliona, na wale ambao hawakuwapo ukumbini wamehadithiwa na waliokuwapo, tena kwa kuongeza chumvi, mpaka juzi juzi mama mmoja wa Kapolowe niliyekutana naye kwenye kituo cha magari akaniuliza kama ni kweli nilivua nguo mbele ya padri. Hapana. Sikuvua nguo. Na padri hakuwapo, alituazima ukumbi tu. Lakini niliaibika, hilo nakubali, niliaibika ile aibu ambayo mtu akishaipata bado anabaki kuishi mji uleule na kununua unga kwa watu walewale waliomcheka. Basi acheni nisimulie mwenyewe, mimi Bibiche, mtangazaji wa redio ya mtaa hapa Shituru, maana nikiwaachia wengine mtasikia mengine kabisa.

Kwanza mjue kwamba redio yetu haina mwenyewe. Watu wa nje hawaelewi, kila siku wanauliza patron ni nani, na sisi tunajibu patron ni wasikilizaji, wanafikiri tunafanya mzaha. Ni kweli lakini. Wanachama wanakutana, wanachagua komite, komite inasimamia kazi, na ikiharibu inaondolewa. Tuna kanuni zetu zimebandikwa kwenye mlango wa studio, na moja inasema mtangazaji hapokei kitu cha mwanasiasa, iwe bahasha, iwe fulana, iwe kikwembe, yaani kitenge. Hiyo naijua kwa moyo kwa sababu ni mimi niliyeisoma hewani siku ilipopitishwa, kwa ile sauti yangu ya kujidai (ninayo, najua, mume wangu ananiambia kila siku).

Na kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na kipindi changu cha kuwauliza wakubwa. Msikilizaji anapiga simu na swali lake, sisi tunamtafuta mkubwa anayehusika aje ajibu, na akikataa kuja tunasema hewani kwamba amekataa. Kazi rahisi, lakini mkubwa mmoja ilimnyima usingizi. Honorable mmoja, mbunge (jina lake sitalitaja, mwenyewe anajijua), aliyekuja mtaani kwetu kufungua robine, yaani mabomba ya maji, fanfare ya tarumbeta ikapigwa, utepe ukakatwa, akanywa glasi nzima mbele ya kamera, na kabla hata maua ya ile sherehe hayajanyauka vizuri robine zikakauka. Basi kila Jumamosi akina mama walipiga simu kuuliza maji yamekwenda wapi, na kila Jumamosi nilisema hewani, "Tumemwita, hakuja." Nilikuwa naisema polepole, kwa raha, nakiri.

Sasa siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka, ukaunguza mtambo wetu wa kurushia matangazo. Tukanyamaza. Hamuwezi kujua redio ya mtaa ni kitu gani mpaka inyamaze, maana sisi ndio tunaotangaza misiba, na katika wiki zile kuna watu walizikwa na ndugu zao wa Kakontwe wakapata habari matanga yameshakwisha. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kwetu kutuuliza, mpaka unaona haya kufika kazini.

Ndipo Honorable akamtuma mtu wake, Papa Norbert, mwanaume wa suti na manukato, anayeongea kama anambembeleza mtoto mchanga. Alikuja na habari njema, alisema: Honorable atatupa mtambo mpya, mkubwa, wenye kufika mbali kuliko ule wa zamani. Masharti yalikuwa mawili tu. Shemeji yake Honorable achukue kiti cha mkuu wa komite, na kile kipindi cha Jumamosi "kipumzike kidogo". Papa Ilunga, mkuu wetu wa komite, karani mstaafu wa reli ambaye hata chai anakunywa kwa utaratibu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba jambo hilo komite haina haki ya kuliamua, wataliamua wanachama wote, Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Mimi nikapewa kazi ya kueleza upande wa kukataa. Kwa hiyo siku hiyo kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuamua: redio ibaki yetu au iwe yake.

Tuje kwenye nguo sasa. Sisi akina mama wa komite, kwa vile ni siku kubwa, tulikubaliana kuvaa kikwembe kimoja, sare, kama mnavyotujua, mama wa huku hawezi kwenda kupigania kitu bila kwanza kupatana kitambaa. Tukachagua kimoja cheupe chenye maua ya bluu, kizuri lakini chepesi. Fundi Dodo, mshonaji wangu, akakiangalia kwenye mwanga akasema hiki kinaonyesha, jipe yako, hiyo sketi, itahitaji kitambaa cha ndani, nenda katafute. Mimi nilikuwa nimechoka, soko liko mbali, jua kali, nikakumbuka kwamba chini ya sanduku langu nyumbani kuna kikwembe kizima sijakigusa. Uamuzi mdogo kabisa. Laiti ningetembea mpaka sokoni siku hiyo.

Kile kikwembe kilikuwa cha kampeni ya Honorable. Sura yake imechapwa kila mahali, anacheka meno yote nje, na chini yake maneno NIKO PAMOJA NANYI. Mtaniuliza kilifikaje kwangu, mimi mwenye kusoma kanuni hewani, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, siyo kwenye kuchanika. Nilikipokea. Wakati wa kampeni waligawa kwenye uwanja wa mpira, nikapita pale, nikaona wenzangu wanapewa, nikaingia mstarini. Nikajiambia kitambaa ni kitambaa. Halafu nikakifukia chini ya sanduku na sikumwambia mtu, hata Mama Zaina, rafiki yangu wa miaka mingi mwenye duka la vyakula, kiongozi wa klabu ya wasikilizaji, ambaye namwambia mpaka ndoto zangu.

Fundi Dodo alipokikunjua akaniuliza, "Mama Bibiche, weye ni wa redio. Hii kikwembe, haina matata?"

"Weka tu," nikamwambia. "Nani ataangalia mu ndani ya jipe yangu?"

Akasema labda bwana yako, tukacheka, na juu ya hayo nikamwomba aibane kidogo kiunoni na kushuka chini, nionekane bado nipo. Alibana. Alibana mpaka kupanda ngazi mbili za ukumbi nilipanda kwa ubavu.

Jumapili ukumbi ulijaa, watu wamesimama mpaka madirishani. Komite tulikaa mbele kwenye benchi la zamani la shule, lile la mbao, na kwenye mbao hizo kulikuwa na msumari ambao mimi sikuuona lakini wenyewe ulikuwa unanisubiri. Papa Norbert akaanza. Akaongea vizuri, lazima niseme kweli, akaongea juu ya misiba isiyotangazwa mpaka mama mmoja akafuta machozi, kisha akauliza hivi kuna ubaya gani mtoto wa nchi kuisaidia redio ya wazazi wake. Wakapiga makofi. Mimi damu ikanipanda, nikainuka kwa hasira kabla hata sijaitwa, nikasikia kitu kinavuta nyuma, na sauti ya kuchanika, ndogo. Nikadhani ni uzi tu. (Ningeshika nyuma kwa mkono mara moja, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.)

Badala yake nikachukua chaki nikaugeukia ubao, nikawapa watu mgongo, nikaanza kuandika masharti ya Honorable kwa herufi kubwa ili kila mtu ayaone vizuri. Nyuma yangu nikasikia kicheko kimoja, halafu viwili, halafu benchi zima. Nami nikafurahi. Jamani, nilifurahi. Nikajiambia leo nimewapata, wanamcheka Honorable, na kweli walikuwa wanamcheka, ila kwa vile alikuwa anachungulia kwenye mpasuko wa jipe yangu, pale pale mnapopajua, anacheka meno yote nje, yuko pamoja nao. Nikaongeza mbwembwe. Nikawa naandika na kutikisika kidogo, nikasema bila kugeuka kwamba redio ya watu haivai nguo ya mtu. Hapo ndipo ukumbi ukapasuka kabisa, mzee mmoja akaanza kukohoa mpaka wakampiga mgongoni.

Mama Zaina ndiye aliyenionea huruma. Alipita katikati ya watu wote, akavua mtandio wake mkubwa, akanizungushia kiunoni na kuufunga mafundo mawili, na sikioni akaniambia kwa upole kwamba Honorable anawaangalia watu kutoka nyuma yangu. Sikuelewa. Nikapapasa, nikaangalia begani, nikaona jicho moja la Honorable na nusu ya meno. Nilitaka sakafu ya parokia ifunguke niingie na ubao wangu.

Na Papa Norbert siyo mtu wa kuacha bahati ipite. Akasimama, akasubiri kicheko kitulie, akasema na ile sauti yake ya maziwa:

"Munajionea benyewe. Mama anatukatazaka kupokea bintu ya Honorable, na yeye mwenyewe amemuvaa."

Nikaangalia nyuso, na nikaona kitu kibaya kuliko kicheko, nikaona watu wanaanza kukubaliana naye. Hapo hapo redio ilikuwa inaondoka mikononi mwetu, na ilikuwa inaondoka kwa ajili ya uvivu wangu na majivuno yangu ya kutaka kubana kiuno. Mlango ulikuwa karibu. Ningeweza kutoka, nikaugua wiki nzima, nikahamia kwa dada yangu Lubumbashi. Lakini mimi nina hasira za karibu, na kile kitendo cha mtu kukupa kitu mwaka huu ili kesho akufunge mdomo kwacho sikukivumilia. Nikafungua lile fundo la Mama Zaina, nikageuka taratibu, nikawaonyesha wote tena, kwa kusudi safari hii.

"Ni kweli," nikasema. "Nilipokeaka. Nilipanga mulongo ku stade, nilisukuma na benzangu, na kama bangenipa bikwembe bibili ningebeba bibili. Kanuni niliivunja na bote niliwaficha, munisamehe. Sasa mwenye iko na hii kikwembe kwake, anyanyue mukono na yeye."

Mwanzoni hakuna. Kisha katekista, pole pole, mkono wake ukapanda, na wa mke wake, na wa Mama Zaina (naye, kumbe), na kule madirishani, na akina baba ambao kikwembe wamekitandika kitandani, mpaka ukumbi wote ukawa mikono. Papa Norbert akatabasamu. Alidhani nimemhesabia kura zake.

"Muzuri," nikasema. "Mwenye robine yake inatoka maji leo, ashushe."

Hakuna aliyeshusha. Mzee yule wa kukohoa mkono ulimchoka ukaanza kuteremka, mke wake akaushika kwenye kiwiko akaurudisha juu.

Papa Ilunga, mtu wa utaratibu, aliona hakuna haja ya kuwasumbua watu mara mbili. Akasema mikono ibaki ilipo, wenye kukataa masharti ya Honorable waiache juu, wenye kukubali washushe. Wapo walioshusha, na nawaheshimu, walikuwa na wagonjwa na misiba na walitaka redio iseme hata kama ni kwa mdomo wa mwingine. Lakini wengi waliiacha juu. Papa Norbert alikusanya karatasi zake akatoka bila kuaga, na manukato yake yakabaki kidogo.

Mimi nikadhani yamekwisha, nikakaa, nikaanza hata kutabasamu. Mama Zaina akaomba neno. Nikajua anakuja kunisifu.

"Bibiche ni rafiki yangu," akasema. "Lakini ile kanuni tuliiandika siye benyewe. Tukimuachilia yeye, kesho mwingine tutamuambia nini? Akae miezi mbili bila mikro, asitangaze."

Nilimwangalia. Alinitazama bila kupepesa, na machozi yanamlengalenga, na mimi yalinitoka kabisa, kwa uchungu, maana kipindi kile ni kama mtoto wangu. Walipoulizwa wanaokubali, mikono ikasita, watu wananionea huruma. Basi nikanyanyua wangu wa kwanza. Kama tulimkatalia Honorable asiwe juu ya kanuni, mimi ni nani?

Mtambo wa zamani ulikuja kutengenezwa na fundi mmoja mvumilivu kwa vipande vya mitambo mingine, na leo hatufiki mbali kama zamani, Kapolowe wanatusikia kwa kukwaruza, lakini misiba inatangazwa. Miezi yangu miwili niliikaa nyumbani, sikio kwenye redio, nikimsikiliza mwenzangu anasema "tumemwita, hakuja" haraka haraka bila ufundi, na roho inaniuma. Kisha nikarudi. Kikwembe kile nilikirudisha kwa Papa Norbert mwenyewe, kimefuliwa na kupigwa pasi, akakataa kukipokea, nikakiacha kwenye kiti chake.

Sipokei tena. Si kitambaa, si kofia, si hata leso, kwa mtu yeyote mwenye kutafuta kura, na nguo zangu sasa hivi nazigeuza ndani nje kabla sijavaa. Mnaotaka kucheka chekeni, nimeshazoea. Ila namba ya studio mnayo, na siku mkiniona nimevaa sura ya mkubwa, mpige simu Jumamosi asubuhi kwenye kipindi changu, nitawaweka hewani mimi mwenyewe, na mtaniuliza, na nitajibu.