Mfano wa Tatu Kwenye Ukurasa Wetu

Admin, nifichie jina langu tafadhali, na wewe unayesoma ukihisi unanijua, nyamaza tu. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, wa upande wa Githongo. Nina kibanda cha kuchapa na kupiga photocopy pale sokoni. Sijaolewa, sina mtoto, na kwa miaka mitano nimekuwa na mwanaume mmoja tu. Hapa nitamwita Mutwiri. Kwao ni Kangeta, lakini anafanya kazi ya kompyuta Embu mjini.

Tulikutanishwa na mtandao mbaya. Alikuja kibandani kwangu kutuma faili kubwa, ikakatika mara tatu, na kila ikikatika inaanza upya. Akaapa atatengeneza programu yake mwenyewe, na kweli akaitengeneza. Haina vitufe vya kubonyeza. Unaandika amri kwenye skrini nyeusi, faili inaenda, na ikikatika inaendelea pale ilipofikia. Shida ni kwamba Mutwiri anajua kuongea na mashine, si na watu. Maelezo aliyoandika yalinishinda kabisa. Nikamwambia, "Wewe, nani atasoma hii?" Akacheka, "Basi niandikie wewe, mwalimu."

Programu ya aina hiyo huwa na ukurasa wake wa maelekezo, ambao mtu anaufungua palepale kwenye skrini akikwama. Nikajifunza kuupanga. Unaweka nukta na herufi mwanzoni mwa mstari, ndipo kichwa kinakaa kama kichwa, amri zinakolea wino, na maelezo yanaingia ndani kidogo. Ukikosea nukta moja tu, kila kitu kinarundikana. Mara ya kwanza nililia, nawaambia ukweli. Lakini tangu hapo kila toleo la ule ukurasa nimelipanga mimi. Na mwisho kabisa kuna sehemu ya Waandishi, yenye majina mawili, lake na langu. Nichekeni mkitaka, lakini mimi nilikuwa nikiyaangalia yale majina kama cheti cha ndoa. Hakuna mahali pengine yalipowahi kuandikwa pamoja.

Mwaka huu aliniahidi kwamba wazee wao wataleta ncoolo, lile furushi la miraa ambalo likiingia nyumbani kwa Mmeru kila mtu anajua binti ameombwa. Nikamwambia mama. Kosa langu ni hilo. Mama amepaka sebule rangi, amenunua vikombe vipya, na kila jioni ni swali lilelile: "Mwari wakwa, binti yangu, watu wa Kangeta wanakuja wangapi? Wasije wakanipata na kuku wawili." Namjibu subiri kidogo, mama.

Sasa wiki iliyopita Mutwiri akanitumia rasimu ya toleo jipya. "Mamaa, nipangie hiyo page, nataka kuirelease next week Friday." Kwa kawaida sehemu ya Mifano naiandika mimi, natunga majina ya faili tu. Safari hii alikuwa ameijaza mwenyewe, na kwa haraka zake alinakili amri alizokuwa ametumia kweli kwenye kompyuta yake. Mfano wa kwanza ulikuwa wa ripoti za kazini. Wa pili, nyimbo. Nikaupanga wa kwanza, nikaupanga wa pili. Wa tatu ulikuwa chini ya maneno "Kuendelea kutuma faili zilizokatika njiani". Folda iliitwa picha-za-ruracio-yetu, na kompyuta inayopelekewa hizo picha iliitwa wawira-kanja.

Nilisoma tena na tena. Ruracio, mahari. Wawira ni jina la kike la Waembu, na Kanja ni huko huko Embu anakofanya kazi. Ningeona "ruracio ya cousin" ningecheka nikaendelea na kazi. Lakini yetu! Na Jumamosi moja kabla ya hapo simu yake ilikuwa imezimwa mchana kutwa.

Nikampigia. "Ile Jumamosi ulisema ulikuwa wapi?"

"Si nilikushow? Job. Server ilikuwa imeanguka. Kwani?"

"Wawira ni nani?"

Akauliza, "Nani amekuambia?"

Jamani, hakuuliza Wawira gani. Aliuliza nani amekuambia. Nikakata simu, nikafunga kibanda saa sita mchana, nikaenda nyuma ya choo cha soko nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Kesho yake akaniandikia, "Mamaa, usiskize watu wa town. Page imefika wapi?" Mpaka leo hajui kwamba ameniambia mwenyewe.

Na mimi mjinga nimeumaliza ule ukurasa. Mikono ilifanya tu. Vichwa vimekaa, amri zimekolea. Kumebaki huo mstari mmoja. Kuna alama ambayo nikiiweka mbele yake, msomaji hatauona kamwe, lakini utabaki ndani ya faili. Ningeweza kuufuta pia, nijifanye sijaona, nimsubiri. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, lakini nampenda, sitawadanganya. Au niuache kama alivyouleta, kila mtu ausome. Hata huyo Wawira, ambaye pengine hajui kwamba mimi nipo, asome jina lake kwenye mfano wa tatu, kisha ateremke mpaka mwisho alikute langu.

Kesho ndiyo Ijumaa. Asubuhi hii mama ameongeza kuku wa tatu. Nishaurini ndugu zangu, huo mstari niufanye nini, na mama nimwambie wageni ni wangapi?