Maji ya Kuoga ya Kaka Yangu

Ua la pareto, lile la dawa ya kuua wadudu, halichumwi likiwa na umande. Ukilitia kwenye gunia na maji yake linapata joto, linakuwa jeusi, mzungu anamfokea nyapara na nyapara anakufukuza wewe. Kwa hiyo katika lile shamba letu juu ya Molo, ambako baridi ya asubuhi ilikuwa inauma masikio, sisi wanawake na wasichana wachumaji tulikuwa na saa mbili ambazo hazikuwa za mzungu. Tangu saa moja mpaka saa tatu tulikuwa tunangoja jua. Nyapara alitembea kwenye mistari akigusa maua kwa mgongo wa mkono, na yakikauka alipiga filimbi. Katika saa hizo mbili ndimo nilimojifunza kusoma, na ndizo kaka yangu alizokula.

Aliyetufundisha alikuwa mke wa mwinjilisti wa kambini, mwanamke mrefu asiyependa kucheka. Tulikaa barazani pa stoo ya kukaushia maua, na ubao wetu ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi. Tulikuwa kumi na wawili, wengine wetu tayari wana wajukuu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano kwa hesabu ya mama yangu.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, shule moja ya wasichana ya misheni upande wa Njoro ililetea shamba letu nafasi moja. Msichana mmoja tu, alale huko huko, aanze darasa la tatu Januari, na asiwe amepita miaka kumi na tano. Maana yake kwangu ilikuwa mwaka huo au basi. Mke wa mwinjilisti alituambia mbele ya wote kwamba kutakuwa na siku ya kujaribiwa, na atakayechelewa mara tatu kabla ya siku hiyo amejitoa mwenyewe. Wa umri huo tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa mbele. Sijisifu, yule mwenzangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniuliza herufi.

Halafu vyuo vikafunga.

Kaka yangu alikuwa akisomea ualimu, mwaka wake wa pili, chuo kilichokuwa ng'ambo ya Nakuru. Alikuja kwa treni na sanduku la bati, na saa ya mkononi aliyoazimwa na rafiki yake. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe wa mzungu, alimshika mkono kwa mikono yake miwili kama anayemsalimu chifu. Jioni ile baada ya kula, kaka alitoa karatasi. Alisema mkuu wao wa chuo amewaagiza kila mmoja aandike tabia njema atakazojijengea wakati wa likizo, maana mwalimu asiyejitawala hawezi kutawala darasa. Yeye alikuwa ameandika tisa. Aliibandika ukutani kwa uji, akasimama akatusomea, na baba akavua kofia.

Ataamka saa kumi na moja. Atasoma kwa taa mpaka kupambazuke, halafu atembee maili mbili. Saa moja kamili ataoga mwili mzima kwa maji ya moto. Atavaa shati lililofuliwa na kupigwa pasi kila siku ya Mungu. Uji atakunywa akiwa ameketi, polepole, mahali pasipo na kelele za watoto. Hatainua sauti. Zilikuwapo nyingine za sala na za meno, nimezisahau, na ya mwisho ilikuwa kuandika daftarini kila jioni jinsi siku yake ilivyotumika.

Hakuna hata moja iliyokuwa mbaya, na ndiyo sababu hakuna mtu aliyeweza kusema neno. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale nasugua sufuria, na kila alipotaja tabia moja nilihesabu moyoni hatua zangu. Mto ulikuwa chini bondeni. Kushuka ni kitu cha kucheka, ila kupanda na debe kichwani ni kitu kingine, na mwili mzima wa kaka ulitaka madebe mawili. Kuni zilikuwa zangu. Makaa ya pasi yalikuwa yangu. Hata kule kukosa kelele za watoto kulikuwa kazi yangu, maana wadogo zetu watatu ilibidi niwatoe nje kwenye baridi na kuwazuia huko mpaka bwana amalize uji.

Siku ya kwanza nilifika barazani wenzangu wakifunga vitabu. Mke wa mwinjilisti aliandika kitu kwenye daftari lake na hakuniuliza. Nami sikusema. Kwetu mambo ya nyumba hayatolewi nje. Msichana anayetembeza habari za kwao amewavua nguo wazazi wake. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na ndilo kosa langu katika habari hii yote. Nalikubali.

Nikajifanya mwerevu. Jioni yake, baada ya kuchuma kutwa, nilishuka mtoni giza likiingia, nikateka madebe mawili, nikayafunika vizuri karibu na moto. Asubuhi nilikuwa nimeshajifunga leso niende zangu, kaka akafunua debe, akanusa.

"Haya ni ya lini?"

Nikamwambia ni ya jana jioni, safi, niliyafunika mwenyewe.

"Maji yaliyolala yanazaa vijidudu," akasema, kwa ile sauti yake ya kutoinua sauti. "Tumefundishwa." Akayabeba mpaka mlangoni, akayamwaga. Madebe yote mawili. Kuyabeba hatua nne mpaka mlangoni aliweza.

Nilitazama yale maji yakiteremka kwenye vumbi kurudi yalikotoka, nikachukua debe, nikayafuata. Hiyo ikawa mara ya pili kuchelewa.

Nilimwambia mama. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, amechoka, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia ni wiki nne tu, nivumilie. Aliniambia huyu kijana akisimama, sisi sote tumesimama. Nikamjibu kwamba mimi ningeweza kusimama mwenyewe kama ningeachiwa saa mbili. Akanitazama kama nimemtukana.

Kaka naye nilimwomba ahamishe kuoga, aoge jioni. Hakukasirika, alikuwa na tabia ya kutokasirika. Alinieleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Akasema tabia ni kama kifaranga, ukikiacha siku moja tu bila kulishwa kimekufa. Nikamuuliza na mimi je, kifaranga changu? Akasema wasichana wana njia yao.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Jioni ya siku hiyo ya pili nilikuwa nikifagia chumbani kwake nikaliona lile daftari liko wazi juu ya kitanda. Nilikuwa sijawahi kusoma kitu chochote nje ya kile kitabu cha barazani. Aliandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake, alisema mwenyewe, kilikuwa hakijaiva kwa mambo ya moyoni. Niliweka kidole chini ya neno la kwanza nikaenda nalo polepole mpaka mwisho wa mstari. Kulikuwa na alama ya vyema mbele ya kila tabia, kwa siku zote mbili. Ile siku aliyomwaga maji, kando ya kuoga, ameandika hivi: "Leo maji yalichelewa."

Maji yalichelewa. Kana kwamba maji yana miguu. Kana kwamba yalitoka mtoni yenyewe yakipiga soga njiani. Nimesoma vitu vingi tangu siku ile, na barua za misiba nimesoma, lakini hakuna mstari ulionichoma kama ule, na ndio wa kwanza niliousoma bila msaada wa mtu.

Asubuhi iliyofuata sikuteka. Niliamka nikafunga leso nikatoka, nikasema moyoni leo na akateke mwenyewe. Nilikuwa nimeshafika njia panda ya stoo nilipogeuka nikatazama bondeni. Nikamwona mama anashuka. Debe liko mkononi, mkono mwingine umeshika mgongo, anaweka mguu mmoja, anatulia, anaweka wa pili, njia yenyewe ni ya utelezi. Kaka alikuwa amesimama juu karibu na nyumba na taulo shingoni, anatazama saa.

Mngefanya nini? Nilirudi mbio nikampokonya mama debe, naye aliniachia. Hakuna aliyenipiga siku ile. Fimbo ningeistahimili.

Nilipofika barazani mke wa mwinjilisti alichora mstari juu ya jina langu. "Mara tatu," akasema, akaendelea kufundisha.

Siku mbili baadaye ndiyo ilikuwa siku ya kujaribiwa. Nilimeza kiburi nikaenda kwa kaka. Nilimwambia wewe ni mtu wa chuo, neno lako lina uzito, njoo umweleze mke wa mwinjilisti sababu ya kuchelewa kwangu. Akakubali mara moja. Alipenda kuombwa. Asubuhi ile alioga, akavaa shati nililopiga pasi, akanitangulia mpaka barazani, na wanawake wote walisogea kumpisha.

"Mama Mwalimu," akaanza, mikono nyuma, "naomba umsamehe dada yangu. Nyumbani bado tunajitahidi kumfundisha kuheshimu saa."

Nilihisi masikio yangu yamejaa upepo. Bibi mmoja mchumaji, mwenye meno mawili tu na mdomo mkali kuliko wetu sote, akasema, "Saa atatoa wapi, Bwana Mwalimu? Mimi naiona moja tu hapa, na iko mkononi mwako."

Walicheka. Hapo ndipo nilipowavua nguo wazazi wangu. Nilisema, "Kaka, mwambie ni nani anateka maji unayooga."

"Hayo ni ya nyumbani," akajibu, bado kwa sauti ya chini.

"Maji gani?" mke wa mwinjilisti akauliza.

Nikamwambia. Madebe mawili kila alfajiri tangu chuo kifunge, na ya jioni yanamwagwa kwa sababu yamelala.

"Yamelala?" akauliza yule bibi. "Na yanakoroma?"

Wanawake walishikana mabega kwa kicheko. Mke wa mwinjilisti peke yake hakucheka. Alimuuliza kaka kama ni kweli, naye akaanza kueleza walivyofundishwa kuhusu vijidudu. Akamkatiza. "Nimekuuliza kama ni kweli."

"Ni kweli," akasema.

Basi mke wa mwinjilisti akanipa kitabu, akafungua ukurasa ambao tulikuwa hatujaufikia, akaniambia nisome. Nilisoma kwa hasira. Watu husema hasira hufunga macho. Yangu siku ile iliyafungua. Sikukwama popote mpaka chini. Alichukua kitabu akakifunga, na kwa mara ya kwanza nikamwona hajui aangalie wapi.

"Umesoma," akasema. "Lakini alikuwa amebaki mwenzako peke yake, na jina lake nilishampa mwinjilisti jana, amelipeleka. Ungeniambia siku ya kwanza."

Ningemwambia siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nalinda heshima ya nyumba, na nyumba ilikuwa inalinda shati. Filimbi ikalia, tukaingia mistarini, na nilichuma siku ile mpaka vidole vikawa vya kijani.

Mnaweza kufikiri kaka aliona haya. Jioni nilikwenda moja kwa moja kwenye daftari, wala sikujificha. Alama za vyema zote zilikuwapo, na chini yake ameongeza tabia ya kumi: "Kuwavumilia wasioelewa." Nilichukua penseli yake. Sikuwa nimewahi kuandika sentensi yangu mwenyewe, tulikuwa tunanakili tu za ubaoni. Niliandika chini yake: "Maji nateka mimi." Herufi zilikuwa kubwa, zilikula mistari mitatu.

Aliisoma, najua, kwa sababu ukurasa ule niliukuta umechanwa. Asubuhi hakuniamsha. Nilikaa karibu na moto nikiwa nimejifunga leso. Kaka alimtazama mama, mama akaanza kuinuka, na mimi nikamshika nguo. "Keti, Mama," nikamwambia. Baba alikuwa amekwenda kukamua, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kaka alichukua debe akashuka. Alirudi baada ya muda mrefu na nusu debe, nusu nyingine iko kwenye suruali. Hayo ndiyo maji aliyooga, na hakuyachemsha. Kisha akaweka alama ya vyema, kamili kama zile nyingine. Mimi nilikwenda darasani na nikafika mapema, mapema kuliko wote, na haikunisaidia kitu tena ila kusoma.

Januari lori la maziwa lilikuja kumchukua mwenzangu. Nilimbebea sanduku lake mpaka barabarani, kwa kuwa yeye hakunikosea lolote, naye alilia njia nzima akisema ilikuwa nafasi yangu. Nikamwambia anyamaze, aende akaitumie. Wiki hiyo hiyo chuo cha kaka kilifunguliwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi akingoja nimbebee sanduku mpaka stesheni, kama dada wote walivyofanya. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga wa mama mikononi, namwimbia, na sikugeuka mpaka niliposikia bati likigonga mawe ya njiani, anavyoliburuta.